Futi Nane za Kivuli

Baba yangu alishona nguo kwa miaka ishirini na sita chini ya paa lisilo lake. Lilikuwa paa la kibaraza cha duka la vitambaa mjini Kisumu, mwendo mfupi kutoka Mnara wa Saa. Mwenye duka hakumtoza kodi. Mteja alinunua kitambaa ndani, akatoka nacho hadi mlangoni, akamkabidhi baba na kupimwa palepale huku wapita njia wakimzunguka. Duka liliuza kwa sababu fundi yuko nje, na fundi alipata kazi kwa sababu duka liko nyuma yake. Nilipotoka shule nilikaa kwenye kigoda kando ya cherehani nikafanya hesabu zangu. Mvua ya jioni iliponyesha watu walijaa pale hadi sikuiona barabara tena, niliona miguu tu.

Sikujua kwamba kibaraza kile ni usanifu. Kwangu kilikuwa mahali pa kutonyeshewa.

Nilipokuja kuwa msanifu majengo, kazi yangu ya kwanza kubwa ilinirudisha mtaa uleule, milango mitatu kutoka pale alipokaa baba. Na ramani niliyoichora mwanzo haikuwa na kibaraza.

Kiwanja kilikuwa na duka la zamani lililoungua. Paa lilikuwa limeporomoka, kuta zimebaki nusu, magugu yamejaa ndani. Mfanyabiashara mmoja alikinunua akataka ghorofa tano na vioo vya buluu kuanzia chini hadi juu. Nilifurahi mno. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa, nimechoka kuchora vyoo vya shule na nyumba za kupangisha za mtaa wa Manyatta, na sasa amepatikana mtu anayetaka jengo la kuonekana. Nikachora kioo kitupu, ukuta wa mbele ukiwa juu ya mpaka wa kiwanja kabisa, bila kupoteza hata inchi moja. Nilikesha nikiutia wino ule mng'ao.

Mkuu wangu ofisini alikuwa mzee wa Kijaluo aliyeanza kuchora majengo ya mji huu kabla sijazaliwa. Aliitazama ramani kwa muda mrefu, kisha akaniuliza swali moja.

"Nyathina," yaani mwanangu kwa Kijaluo, "mvua ya saa kumi ikimkuta mtu hapa mbele, atasimama wapi?"

Sikuwa na jibu. Akanikabidhi futi ya chuma na daftari, akaniambia niende nikaupime mtaa wote, pande zote mbili, nisirudi mpaka nimemaliza. Nililichukulia kama adhabu. Nilikwenda nimenuna, na kijana mmoja wa kunishikia ncha ya futi.

Ilinichukua wiki tatu, mwezi wa Machi, na mengi ninayoyajua leo kuhusu kujenga katikati ya majengo ya zamani niliyapata katika wiki zile.

Mtaa wenyewe ni mtoto wa reli. Reli ilifika ziwani tarehe 20 Desemba 1901, na mji ukaitwa Port Florence kwa jina la mke wa mhandisi Ronald Preston. Mabati, misumari na saruji vilipanda treni kutoka Mombasa, mawe yalichongwa hukuhuku. Wafanyabiashara Wahindi walijenga maduka yao mbele na makazi nyuma au juu, na juu kabisa, kwenye kile kiukuta kinachoficha paa, wakaandika mwaka. Mtaani kwetu nilikuta 1926, 1931, na mmoja 1934 ambao tarakimu yake ya mwisho imeanza kuliwa na mvua. Mnara wa Saa wenyewe ni wa 1938. Wana wa Kassim Lakha waliujenga kumkumbuka baba yao. Nilikuwa nimeupita maisha yangu yote bila kusoma maandishi yake.

Nilipoanza kuandika vipimo nikaona vinajirudia. Kutoka nguzo hadi nguzo, futi kumi na tano, ikizidi au ikipungua inchi mbili tatu. Duka la huyu na la yule, la mwaka huu na la miaka minane baadaye, futi kumi na tano. Nikadhani ni sheria ya mji. Nilipomuuliza mkuu wangu alicheka akasema niangalie juu. Juu kulikuwa na boriti za mbao, na boriti moja haikuweza kuruka mbali zaidi ya hapo bila kulegea. Mbao ndizo zilizoamua upana wa duka, duka likaamua upana wa mlango, na milango ikaupa mtaa ule mwendo wake, kama ngoma inayopigwa polepole. Ndiyo maana ukiupita unahisi umepangwa ingawa hakuna majengo mawili yanayofanana.

Kibaraza kilikuwa na upana wa futi nane. Paa lake, futi tisa kutoka sakafuni. Ngazi moja tu kutoka barabarani. Nguzo kadhaa zilikuwa vipande vya reli vilivyosimikwa wima, vimepakwa rangi mara nyingi hadi vimekuwa laini kama sabuni iliyotumika.

Kijana wangu wa futi ndiye aliyeleta wazo la chaki. Tulichora mstari sakafuni kila saa, pale kivuli kilipoishia. Upande wetu unatazama magharibi, ziwani. Kisumu jua halifiki utosini saa sita kamili, kwa maana saa ya Kenya imepimwa kwa nyuzi 45 za mashariki nasi tuko karibu na nyuzi 35. Linafika kama saa saba kasorobo. Kwa hiyo mchana wetu wa jua kali unasogea mbele. Saa nane mstari wa chaki ulikuwa umeingia ndani futi tatu na ushei. Saa tisa, futi sita. Saa kumi jua lilikuwa limeimaliza sakafu yote na kuanza kupanda ukutani, limefika magotini. Na saa kumi hiyohiyo, bila mtu kutangaza, wenye maduka walitoka mmoja baada ya mwingine wakashusha maturubai yaliyokuwa yamekunjwa chini ya paa. Baba yangu alikuwa akifanya hivyo kila siku. Nilimsaidia kufungua kamba nikiwa mtoto! Sikuwahi kujiuliza kwa nini ni saa ile.

Hapo ndipo nilipokielewa kioo changu cha buluu. Mahali kama Kisumu, karibu kabisa na ikweta, ukuta unaotazama kaskazini au kusini unalindwa na ukingo mfupi tu wa paa. Wa mashariki na magharibi haulindwi hivyo, kwa sababu jua la asubuhi na la jioni linakuja limelala, linapita chini ya ukingo wowote. Lazima kitu kiteremke mbele yake. Jengo langu lingeunguza watu ndani kuanzia saa nane hadi magharibi, kisha mwenye jengo angenunua mapazia na mashine za kupoza hewa ili kupigana na kosa nililochora mimi.

Jambo la pili ndilo lililonitoa usingizi. Nilikwenda kutafuta bikoni za kiwanja ili nijue mpaka uko wapi hasa, na nikazikuta kwenye ukingo wa nje wa kibaraza, chini ya nguzo. Si kwenye mlango wa duka. Maana yake zile futi nane hazikuwa za barabara. Zilikuwa ardhi ya mwenye duka, amelipia, ana hati, na akaamua kuiacha wazi apite yeyote. Na jirani yake vivyo hivyo, na jirani wa jirani, mpaka mtu akaweza kutoka upande wa stesheni hadi karibu na msikiti kichwa chake kikiwa kivulini. Palipokatika ni pale tu ambapo jengo jipya lilikuwa limesogea mbele kuchukua haki yake. Yalikuwa mawili upande wa pili wa barabara. Nilisimama nikahesabu wapita njia saa nane hadi saa tisa: kwa kila mmoja aliyepita upande ule, karibu watatu walipita upande wetu.

Nilirudi ofisini nikaichana ramani ya vioo. Mkuu wangu hakusema neno. Alinisogezea kikombe cha chai.

Kumshawishi mwenye kiwanja ilikuwa kazi nyingine. "Dada, ardhi hii nimeilipia mpaka mtaroni," aliniambia, na alikuwa na haki. Upande wa mbele ni futi 45, kina futi 90. Kibaraza cha futi nane ni futi za mraba 360, karibu sehemu moja kati ya kumi na moja ya ghorofa ya chini, ile yenye kodi kubwa kuliko zote. Nilimwonyesha kwamba hasara ni ya chini tu, ghorofa ya kwanza inaweza kukaa juu ya kibaraza na kufika mpakani. Hakuridhika. Nikamwonyesha hesabu ya wapita njia. Akaniambia watu wa kupita si watu wa kununua.

Aliyemgeuza ni mzee jirani, mwenye duka la sufuria na vyombo upande wa kusini, mtu wa miaka zaidi ya sabini. Mwenye kiwanja alimwendea kwa heshima, kama mgeni anavyojitambulisha mtaani, akamuuliza kwa nini yeye na baba yake hawakuwahi kukizungushia ukuta kibaraza chao wakapata chumba kimoja zaidi. Mzee akamjibu kwamba baba yake alijaribu. Aliweka mbao kwa msimu mmoja. Wanawake waliotoka sokoni na vikapu wakaanza kuvuka barabara kabla ya kufika kwake, kwa sababu njia ya kivuli imekatika, na walipovuka hawakurudi. Baba yake akazing'oa mbao. Nadhani ni ule ushahidi wa hasara ya mtu mwingine uliofanya kazi ambayo ufundi wangu wote wa maneno haukuifanya.

Kisha mwenye kiwanja akageuka upande wa pili kabisa. Alipokubali kibaraza, akataka jengo zima liwe la zamani: matao, nguzo nono za maua juu, vichwa vya simba. Na kwenye kiukuta cha juu tuandike 1934, ili lifanane na la jirani.

Nililichukua jambo hili kwa uzito kuliko alivyotarajia. Katika masomo tulifundishwa Mkataba wa Venice wa 1964, unaosema kazi mpya inayoongezwa kwenye jengo la kihistoria lazima itofautike na ya awali na ibebe alama ya wakati wake. Nikiwa mwanafunzi niliukariri kwa ajili ya mtihani. Mtaani, mbele ya mtu anayetaka kuandika mwaka wa uongo, nikauelewa. Wale waliochonga 1926 na 1931 walikuwa wanasema ukweli, na ukweli wao ndio uliofanya nisimame na daftari langu miaka karibu tisini baadaye nikisoma mtaa kama kitabu. Nikiweka 1934 ya kubuni, nimeharibu pia ile ya kweli iliyo kando yake, maana mtoto wa kesho hatajua aiamini ipi. Nilimwambia hivyo. Tulibishana siku mbili. Leo juu pameandikwa 2019.

Mkuu wangu alinisaidia kwa picha moja. Ni ya ofisi za manispaa ya mji wa Murcia, Uhispania, iliyochorwa na Rafael Moneo na kukamilika 1998. Inatazamana na kanisa kuu la kale lenye uso uliojaa michoro ya mawe. Moneo hakuiga hata jani moja la mchoro ule. Alijenga ukuta wa mawe uliokatwa nafasi wima zisizolingana upana, umetulia, na mlango wa kuingilia akauweka upande mwingine, ili uwanja uendelee kuwa wa kanisa. Mzee aliniwekea picha mezani akasema, "Huyu amekaa kwenye kikao cha wazee. Amevaa nguo zake mwenyewe, lakini amejua mahali pa kukaa."

Na kwa upande wangu nilikuwa na Lamu kichwani. Nilikuwa nimefika huko mara moja na baba, kwa sherehe za Maulidi, na nikakumbuka daka, ile nafasi ya mlangoni yenye viti vya mawe pande mbili, ambapo mgeni hupokewa kabla ya kuingia ndani. Lamu imo kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2001, na watu huipigia picha milango yake ya kuchongwa. Kwangu kilichobaki ni kwamba nyumba zile za mawe zilizojifunga namna ile zilikuwa tayari kumpa mpita njia mahali pa kukaa. Daka la Lamu na kibaraza cha Kisumu ni ndugu wa mbali.

Kwa hiyo tulichora hivi. Nguzo za mbele kila baada ya futi kumi na tano, ingawa zege ya leo ingeruka mara mbili ya hapo bila shida. Nguzo zenyewe ni zege nyembamba, zimeachwa bila rangi. Paa la kibaraza liko kwenye mstari uleule wa jirani, na ukuta wa mbele unaishia futi 27, kiukuta chake kikilingana na cha jirani. Ghorofa mbili za juu zimerudi nyuma futi kumi na tano. Ukiwa upande wa pili wa barabara unaziona, lakini kama jengo jingine lililosimama nyuma. Mwenye kiwanja alipoteza ghorofa ya tano, jambo alilonikumbusha mara nyingi. Mbele ya madirisha ya ghorofa ya kwanza tuliweka ukuta wa matofali ya kuchoma yenye matundu, wa kuvunja lile jua la jioni na kuacha upepo wa ziwa upite. Turubai za mtaa ule, ila kwa udongo.

Sasa kosa langu, ambalo limenikaa moyoni kuliko sifa zote nilizopata.

Nilipima kila kitu kilichokuwa juu ya ardhi. Chini ya ardhi sikupima. Sikuchimba hata shimo moja la majaribio kando ya ukuta wa mzee jirani kuona umesimama juu ya nini. Nikachora msingi wetu uteremke kama futi sita, ili tuvuke udongo mweusi unaovimba kwa mvua na kupasuka kwa kiangazi, na nikaikabidhi ramani kwa mkandarasi bila agizo lolote la namna ya kuchimba. Ijumaa moja akaleta tingatinga akafungua mtaro wote wa upande wa kusini kwa siku moja, futi 90, sambamba na ukuta wa mzee. Usiku wa Jumamosi mvua ikanyesha.

Jumapili asubuhi simu iliita. Msingi wa ukuta wa mzee haukufika futi mbili kwenda chini, mawe yaliyoshikwa kwa chokaa na udongo, na sasa ulikuwa umening'inia kwenye ukingo wa shimo letu. Ufa ulikuwa umepanda kutoka sakafuni hadi kwenye lenta, kisha ukakimbia hanamu hadi darini. Mzee hakunipigia kelele. Aliushika mkono wangu akauingiza ndani ya ufa mpaka vidole vikazama. Tangu tuanze alikuwa akiniita "mwanangu". Siku ile akaniita "wewe mwenye ramani".

Tuliegemeza ukuta kwa mihimili mchana uleule na kuurudishia mtaro udongo. Mhandisi tuliyemwita alitoka Nakuru, mtu makini sana, na ndiye aliyenifundisha kazi niliyopaswa kuijua: kuushikilia ukuta wa zamani kwa chini, kipande kwa kipande. Unachimba chini ya ukuta sehemu ya upana wa mita moja tu, unamwaga zege, unangoja ikauke, unakazia nafasi iliyobaki kati ya zege na jiwe, ndipo unaenda sehemu nyingine, tena si ile inayofuata. Sehemu ya kwanza, ya nne, ya saba. Kisha ya pili, ya tano, ya nane. Wakati wote ukuta unakuwa na mahali pengi pa kukanyaga kuliko pasipo. Ilichukua wiki sita. Mhandisi huyohuyo aliagiza pia tusiliegemeze jengo letu kwenye la mzee, tuache uwazi wa inchi mbili kati yao. Watu wa Bonde la Ufa, alisema, hawausahau mtetemeko wa Subukia wa Januari 1928. Jengo refu na fupi hayachezi pamoja ardhi ikitikisika, na yakigusana yanapigana.

Halafu tukaukarabati ufa vibaya. Fundi aliujaza saruji, akapiga lipu ya saruji juu, ukuta ukapendeza. Baada ya mvua za masika lipu ikavimba na kubanduka vipandevipande, na uso wa mawe ukaja nayo. Ukuta wa chokaa hupumua: unyevu unaopanda kutoka ardhini hutokea kwenye viungo na kuondoka. Saruji iliufungia ndani. Aliyetuokoa ni mzee wa Kibajuni anayeishi Kaloleni ya hapa Kisumu, jirani yetu wa zamani, aliyefanya kazi ya chokaa Mombasa ujanani. Alitutuma chokaa ya Koru, ambayo si mbali na hapa, akailoweka shimoni na kutukataza kuigusa kwa wiki kadhaa. Nilimwambia tuna haraka. "Binti yangu, chokaa haina haraka, na wewe ulipokuwa na haraka si ulipasua nyumba ya mtu?" Alisema bila ukali wowote. Nilikaa kimya, maana alisema kweli. Lipu ile ya chokaa bado iko, na mzee jirani, baada ya karibu mwaka, alirudi kuniita mwanangu.

Tangu hapo sikubali kuchora chochote kando ya jengo la zamani kabla ya kuona msingi wake kwa macho. Wenye majengo hulalamika kwamba mashimo yale ni gharama. Ninawaonyesha picha ya mkono wangu ndani ya ufa.

Jengo lilipokamilika nilimleta baba. Alikuwa ameacha kushona, macho yamechoka. Alitembea kibarazani kutoka upande wa mzee wa sufuria hadi upande wa pili, taratibu, akigonga sakafu kwa mkongojo pale ambapo ya zamani inakutana na mpya. Nilikuwa nimehakikisha ziko sawa, mkokoteni upite bila kuruka. Akatikisa kichwa kukubali. Kisha akasimama kwenye nguzo ya tatu, akageuka akanitazama.

"Fundi atakaa wapi?"

Nikamwonyesha: popote, baba, pote ni kivuli.

"Kivuli nakiona. Nauliza mwanga." Akanieleza jambo ambalo sikuwahi kuliona kwa miaka yote niliyokaa kwenye kile kigoda. Fundi hakai ndani ya kibaraza, hukaa ukingoni, bega lake likiwa karibu na nguzo, ili mwanga wa barabara uangukie sindano na jua lisimfikie mgongoni. Nguzo ya reli ni nyembamba, haimzibi. Na mafundi wa sasa, akaongeza, cherehani zao ni za umeme. Soketi iko wapi?

Sikuwa nimeweka soketi. Kwenye futi 45 za kibaraza nilichokipigania hivyo, hakukuwa na hata moja.

Tuliziongeza mbili baadaye, zenye mita yake, kwa gharama niliyoikata kwenye malipo yangu. Mwenye jengo aliweka masharti kuhusu usafi na mahali pa kupita watu, nami nikayaona ya haki. Leo kuna mafundi watatu. Wawili wamekaa karibu na soketi. Wa tatu, mama wa makamo anayeshona sare za shule kwa cherehani ya miguu, amekaa ukingoni kabisa, bega kwenye nguzo ya tatu, kama baba alivyosema. Saa kumi hunyanyuka kushusha turubai. Jioni huifunga cherehani yake kwa mnyororo kwenye nguzo ile, na mnyororo umeanza kuikwaruza zege yangu, alama ya duara usawa wa goti. Msimamizi wa jengo aliniuliza kama aje fundi aipige msasa. Nilimwambia aiache.